Bajeti inanipa usingizi mimi, mume wangu inampa presha. Nifanyeje?

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usiliweke kabisa, kuna ndugu wa upande wa mume wanasoma hapa.

Mi ni mama wa watoto wawili, nimeajiriwa, mshahara wangu unaingia tarehe ileile kila mwezi. Mume wangu anafanya kazi za mikataba, yaani kuna mwezi anaingiza mara tatu ya mshahara wangu na kuna mwezi haingizi kitu, kazi ameshamaliza ila anasubiri walipe. Madeni makubwa hatuna, kuna mkopo mmoja tu na tunaulipa vizuri. Mlevi siyo, wanawake sijasikia, watoto wake anawapenda mno. Kinachotugombanisha ni bajeti. Najua mtu anaweza kusoma akasema hilo nalo tatizo, lakini Anti limefika pabaya.

Zamani nilikuwa silali. Nashtuka usiku wa manane naanza kupiga hesabu kichwani, kodi, ada, bima ya gari inaisha lini, tairi zimekwisha, hafu nikifika katikati nasahau nimeanzia wapi naanza upya. Asubuhi naamka nimechoka, watoto nawafokea kwa vitu vidogo mpaka najionea aibu. Ndo nikaanza kuandika. Nikatengeneza jedwali kwenye simu, kila kinachoingia na kila kinachotoka, kila kitu na fungu lake. Anti, sidanganyi, nilianza kulala. Hela haikuongezeka hata kidogo, ni ileile, ila kifua kikawa chepesi.

Kwa sababu lilinisaidia nikataka na mwenzangu alipate. Nikamwambia kila Jumapili jioni watoto wakilala tukae tupitie matumizi ya wiki. Mwanzoni alikaa akachangia. Baadaye akawa anakaa kimya. Siku hizi akiniona nimeshika simu nimefungua lile jedwali sura inabadilika, anatafuta sababu ya kutoka. Nilimuuliza kwa upole shida nini, akasema, "Mi nikiziona zile namba moyo unaenda mbio, najiona kama mtoto nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu." Kwao wazazi wake walikuwa wanagombana sana kwa ajili ya hela, yeye na mdogo wake wanasikia kila kitu kupitia ukutani. Hilo alishawahi kunisimulia zamani, kabla hata hatujaoana.

Kilichofanya nikuandikie ni hiki. Kila mwezi mume wangu anamtumia mama yake hela, mwezi akiwa nayo anatuma nyingi, asipokuwa nayo anatafuta hata kwa kukopa kwa rafiki. Mimi sikuwahi kukataa, lakini haikuwa kwenye jedwali, sasa mwezi uliopita nikaamua kuiweka. Nina sehemu nimeiandika "zinazovuja", ipo na rangi nyekundu, ndo nikaiweka humo pamoja na vitu vingine. Akaja akaiona. Hakugomba, angegomba ningejua la kufanya. Alinyamaza tu, na mpaka leo tunaongea ya watoto basi.

Sasa bajeti nabeba peke yangu na nimechoka. Na ule wasiwasi umeanza kurudi, nafungua apu ya benki usiku, nafungua nikiwa kazini, naangalia salio wakati najua kabisa hakuna kilichobadilika. Mwenzangu mmoja wa kazini ananishauri tutenganishe hela kabisa, kila mtu na yake. Dada yangu anasema niachane na hiyo bajeti nimtunze mume. Mimi naona nikimlazimisha nitampoteza, na nikiacha nitarudi kule kwa kutolala. Anti, nimsukume akue au niache?

Ni mimi, niliyechoka kuhesabu.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako taratibu, nikairudia. Wala usione haya kwamba ni tatizo dogo, nyumba nyingi zinakosa amani kwa hela hata kama hela yenyewe ipo.

Ngoja niseme nilivyokuelewa, nikikosea utanirekebisha. Umepata kitu kinachokutuliza. Umekipeleka kwa mtu unayempenda ukitegemea naye kitamtuliza, kikamtisha. Sasa kila ukikishika yeye anaumia, kila ukikiacha wewe unaumia, na katikati hapo kuna mama mzee ambaye hata hajui kama jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu. Nimepatia?

Nianze na wewe, maana naona kuna jambo umelipita haraka. Unasema bajeti ndo inayokupa usingizi, halafu mwishoni unaniambia usiku unafungua apu ya benki kuangalia salio ambalo unalijua. Mwanangu, kilichokutuliza mwanzoni kilikuwa nini hasa? Wanasaikolojia wawili, Masicampo na Baumeister, mwaka 2011 walichapisha utafiti kuhusu mambo ambayo hayajakamilika na jinsi yanavyomsumbua mtu akilini hata akiwa anafanya kitu kingine kabisa. Walichokiona ni kwamba mtu akishapanga waziwazi atalifanya lini na kwa namna gani, akili inaliachia, ingawa jambo lenyewe bado hajalifanya. Naona ndo kilichokupata wewe. Ile bima ya gari haikulipwa siku ulipoiandika, ila kichwa chako kilijua ina mahali pake kikaacha kukuamsha usiku.

Sasa mpango unaopumzisha akili ni ule ambao ukishaufunga unaufunga. Kuangalia salio mara kwa mara ni kitu kingine, hapo hupangi chochote, unatafuta kuhakikishiwa, na ile nafuu inakaa dakika chache unataka tena. Kwa hiyo kabla hatujamgusa mumeo nakuuliza, hivi bado ni jedwali linalokutumikia wewe, au wewe ndo umeanza kulitumikia? Jiulize tu bila kujilaumu. Kuna watu imewasaidia kuchagua siku mbili za wiki za kufungua apu, mchana, na zile siku nyingine wanaiacha. Siku za mwanzo utahisi vibaya kidogo, hiyo ni kawaida.

Tuje kwa baba watoto.

Umeandika "nimsukume akue". Hapo ndo ningependa tusimame. Mtu anayekwambia moyo unaenda mbio akiona namba, hana maana kwamba hajali hela. Mara nyingi anajali kupita kiasi. Kuna utafiti wa mwaka 2009 wa Karlsson, Loewenstein na Seppi ulioangalia watu waliowekeza kwenye hisa, wakakuta soko likiwa linashuka watu wanapunguza kufungua akaunti zao kuangalia, yaani wakati ule ambao habari ni mbaya ndo wanakwepa kuiona. Na hao ni watu wazima wenye hela zao wenyewe, hakuna mke wala mume aliyewaitisha kikao. Kukwepa namba ni njia ya kujikinga na maumivu. Ni njia yenye gharama, ndiyo, maana deni au bili haisubiri mtu awe tayari, lakini ukiiita utoto hutafika nayo mbali. Na huyu wako ameshakupa na chanzo chake, alikuwa analala chumba ambacho ukuta wake unapitisha ugomvi wa hela. Wewe ukimwita Jumapili usiku watoto wamelala, taa imebaki moja, tuongee matumizi, je una hakika anamsikia mkewe? Inawezekana anawasikia wazazi wake.

Halafu kuna hili ambalo nadhani hamjaliona wote wawili, na mimi limenichukua muda kuliona. Jedwali lako limetengenezwa kwa umbo la mshahara wako. Linaanza tarehe moja linaisha mwisho wa mwezi, kinachoingia huku, kinachotoka kule. Kwa mtu wa mshahara linakaa sawa kabisa. Kwa mtu wa mikataba jedwali la hivyo litamwonyesha ameshindwa karibu kila mwezi ambao hajalipwa, hata kama amefanya kazi mpaka usiku, na ule mwezi akilipwa litamwonyesha tajiri ambaye siye. Yaani hata angekuwa malaika wa kuweka kumbukumbu, kila Jumapili angekaa pale kuangalia safu yake haina kitu na yako imejaa. Mimi pia ningetafuta sababu ya kutoka.

Watu wa kipato cha kupanda na kushuka mara nyingi wanafanya hivi: wanaangalia miezi iliyopita kama kumi na mbili, wanatafuta mwezi uliokuwa mbaya au karibu na mbaya, wanapanga maisha ya lazima kwa kiwango hicho. Mwezi mzuri ukija ile ziada haiingii kwenye matumizi moja kwa moja, inakaa kwenye akaunti ya pembeni, na kutoka hapo mtu anajilipa kiasi kilekile kila mwezi kama mshahara. Zile bili za mara moja kwa mwaka kama hiyo bima zinagawanywa kwa 12 zinawekwa kidogo kidogo, hazimshtukizi mtu. Uzuri wa njia hii siyo hela tu, inaondoa ile hali ya mtu kujiona mfalme mwezi huu na mzigo mwezi ujao. Ubaya wake ni kwamba inachukua muda mpaka ile akaunti ya pembeni ishibe, na kama kazi zimekauka kwa kipindi kirefu itaisha, hapo mtahitaji kuongea tena bila kutafuta mchawi. Na kama kinachoingia kwa ujumla ni kidogo kuliko yale ya lazima, bajeti haizai hela, hata iandikwe vizuri namna gani. Hapo kinachosaidia ni kumwendea anayewadai mapema, mwenye nyumba, shule, benki, na kuomba kulipa kwa awamu kabla tarehe haijapita.

Sasa ile rangi nyekundu. Hapa nitakaa kidogo, univumilie.

Unasema hukuwahi kukataa asimsaidie mama yake, na ninakuamini. Lakini fungu linasema kitu hata kama mdomo haujasema. Ulipoiweka hela ya mama kwenye "zinazovuja" ulimwambia mumeo kwamba lile analoliona ndo linalomfanya awe mtoto wa maana, nyumbani kwenu linahesabiwa kama tundu. Sidhani ulikusudia. Nadhani ulikuwa umechoka na unataka namba zifunge. Ila ukiangalia, mtu anayekwenda kukopa kwa rafiki ili atume, hiyo siyo hela inayovuja bila yeye kujua, ni hela aliyoipa umuhimu kuliko hata raha yake mwenyewe. Ingekuwaje kama ingekuwa na fungu lake kabisa, lenye jina la heshima, na kiasi ambacho nyie wawili mmekubaliana mwezi mzuri na mwezi mbaya? Inawezekana hata kikawa kidogo kuliko anachotuma sasa, kwa sababu akijua ipo na ina uhakika hatakuwa anatuma kwa hofu. Inawezekana pia akasema hapana, hiyo siijadili na mtu. Hapo utakuwa umejua kitu ambacho leo hukijui.

Umeniuliza nimsukume au niache. Sitakuchagulia, wewe ndo unayeishi humo ndani, ila naona njia ni zaidi ya hizo mbili.

Hilo la mwenzako wa kazini, kutenganisha hela kabisa, lina watu wanaolifurahia kwelikweli, wanapumua, hakuna anayemuuliza mwenzake. Lakini kwenu nyie nina wasiwasi nalo kidogo. Mkisema kila mtu atoe nusu, ile miezi ambayo yeye hajalipwa atakuwa anadaiwa na mkewe, na mtu anayeogopa namba ukimwongezea na deni la ndani ya nyumba atajificha zaidi. Kama mtaelekea huko, fikirieni kuchangia kwa uwiano wa kipato badala ya nusu kwa nusu, au kuwe na akaunti moja ya nyumba na kila mtu abaki na yake ndogo ambayo haulizwi kitu. Hiyo ndogo ya kutoulizwa mi naipenda hata kwa wale wanaochanganya kila kitu, inampa mtu mzima heshima yake. Na wewe uwe nayo pia, nimeona kwenye barua yako yote hakuna mahali umetaja kitu unachojinunulia.

Njia nyingine ni wewe kuendelea kuishika bajeti peke yako, ila safari hii kwa makubaliano, siyo kwa sababu mwenzako amekimbia. Kuna nyumba mmoja anashika vitabu vya hela mwingine anashika jambo jingine zito la nyumba, na hakuna anayejiona ameonewa. Hatari yake unaijua tayari, unachoka, na ikitokea umeumwa yeye hajui hata nywila iko wapi wala bili gani inalipwa lini. Pengine mngekubaliana yeye apate ukurasa mmoja tu kwa mwezi, wenye mambo matatu, tuko salama au hatuko salama, kipi kikubwa kinakuja, na nini tunahitaji kuamua pamoja. Namba chache. Mtu ambaye hawezi kuangalia mistari arobaini anaweza kuangalia mitatu.

Kuhusu alichosema dada yako, uachane nayo umtunze mume, nadhani anakutakia mema, lakini kurudi kule kwa kuamka usiku na kuwafokea watoto siyo kumtunza mtu. Labda siyo kuiacha, ni kuipunguza. Hivi yale mafungu ni mangapi? Wapo wanaotumia kanuni ya 50, 30 na 20, iliyopata umaarufu kupitia kitabu cha Elizabeth Warren, mwanasheria na mwanasiasa wa Marekani, na binti yake mwaka 2005, yaani nusu ya kipato yale ya lazima, asilimia 30 yale ya kutaka, 20 akiba na madeni. Haimfai kila mtu, kuna nyumba kodi peke yake inakula nusu na zaidi, hao wakijilazimisha na asilimia hizo wataumia bure. Ninachokipenda humo ni uchache wa mafungu, na kwamba yale ya kutaka yamepewa nafasi halali. Bajeti isiyokuwa na furaha ndani yake watu wanaitoroka.

Na njia ya mwisho ninayoiona ni kuanza upya na yeye, lakini bila jedwali kabisa. Mchana, mmeshiba, siyo Jumapili usiku. Usianze na matumizi, anza na wewe. Mwambie ulivyokuwa huamki vizuri, ulivyokuwa unahesabu gizani, na kwamba ile kuandika ilikuwa ni kujiokoa, haikuwa kumchunguza. Kwa barua yako sina hakika kama anajua hilo. Anajua una jedwali. Hofu iliyo nyuma yake umeshamwambia? Halafu muulize yeye, hela ikiongelewa anaogopa nini kitatokea, na akianza kusema usimkatize hata ukisikia kitu ambacho siyo sawa. Kuhusu ile rangi nyekundu, kama unaona ulimuumiza sema hivyo bila kuongeza "lakini na wewe". Akinyamaza kwa mara ya kwanza usichukulie kwamba imeshindikana, mtu aliyezoea kusikiliza ugomvi kupitia ukutani anahitaji muda kuamini kwamba haya ni mazungumzo.

Inaweza isifanye kazi, nisikudanganye. Akikataa kabisa, au ukianza kuona dalili nyingine, simu anazotoka nje kupokea, watu wanaodai ambao huwajui, basi hapo itakuwa siyo hofu tu na itabidi uombe kuona hali halisi, kwa sababu mkopo ndani ya nyumba moja unawagusa wote. Kwa ulivyoandika sioni hivyo, unasema ukimuuliza anakwambia.

Kingine, ule moyo kwenda mbio. Kama unamtokea na mahali pengine, akiwa kazini au usiku bila sababu, amwone daktari kwanza apimwe, asiuweke wote kwenye hela. Na kama mnaona mkiwa wawili mnaishia palepale, mshauri wa ndoa au wa saikolojia anaweza kukaa katikati yenu kwa hilo moja tu. Hali kadhalika wewe, kama baada ya wiki kadhaa bado unashindwa kulala hata na mpango ukiwa umeandikwa, hilo linahitaji mtu wa kukusikiliza ana kwa ana, siyo barua yangu.

Nitafurahi ukiniandikia tena. Hasa nataka kujua hela ya mama imepewa jina gani kwenye fungu jipya, na nani kati yenu amelichagua.

Anti